Mwaka wa Punguzo la Sanda

Nilishuka kutoka Tabora na msafara wa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu. Wao walibeba mali ya watu. Mimi nilibeba mkasi, mafundo ya uzi, na sindano zangu nilizozichomeka kwenye kipande cha ngozi. Tulipita Ugogo wakati wa kiangazi, ardhi imekuwa nyeupe kama jivu, na maji yaliuzwa kwa nguo. Kwenye kisima kimoja mwenyewe alikaa juu ya jiwe, fimbo mapajani, akitazama jinsi kiu ilivyotuongezea adabu. Mnyapara wetu, ambaye njia nzima hakumwinamia mtu, alichuchumaa mbele yake akaomba punguzo. Yule akamuuliza, "Punguzo la nini? Umesikia mvua inakuja?" Tukalipa alichotaka, tukanywa matope, na jioni ile wapagazi walicheka mpaka wakakohoa, wakiiga sauti yake. Tulivuka milima ya Usagara, tukaingia mabwawa ya Makata ambako tope lilitufika mapajani, na huko homa ikamchukua mpagazi mmoja. Tulimviringisha ndani ya mkeka wake wa kulalia, tukamfukia kando ya njia. Rafiki yake alinung'unika mpaka tukafika Ruvu, kwamba mwenzake hata nguo hakuvikwa. Karibu na mji tulisimama ili wapagazi waoge na kuvaa manyoya na njuga zao, maana hakuna aliyetaka kuingia Bagamoyo akionekana amechoka. Bunduki zikapigwa hewani. Nami nikafua kanzu yangu, nikaivaa ikiwa mbichi, nikaingia mjini nyuma ya watu, kijana wa miaka ishirini na ushei asiyemjua mtu hata mmoja.

Nayakumbuka haya leo kwa sababu ya mtu mmoja muuza mikeka, niliyekaa naye kwenye kahawa hapa Pangani. Alitoka Bagamoyo, nami kila nimwonapo mtu wa kule humuuliza habari za mitaa, nani yuko, nani hayuko. Akaniambia Bi Mwanaasha wa mtaa wa Dunda, yule aliyekuwa mwosha maiti, amefariki. Nikasema inna lillahi. Akaendelea, kwa uso wa mtu anayetoa habari njema, "Tumemzika vizuri, bwana. Na sanda tuliipata kwa punguzo zuri sana." Aliona nimeweka kikombe chini, akadhani ni majonzi. Sasa umri wangu umepita miaka arobaini, nimekaa miji mingi zaidi ya inavyompasa mtu mmoja, nimejifunza hata herufi za Kizungu ukubwani, na hasira nilizopandisha katika ujana wangu karibu zote zimeniacha. Hii haikuniacha. Niliinuka nikaenda zangu, nikalala na viatu. Kama yuko mtu wa Bagamoyo wa siku zile atakayesoma haya akaona namsema, basi namsema.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi mmoja, vyumba viwili, na ua wenye mkunazi mkubwa uliokuwa ukichumwa majani ya kuoshea maiti. Nilipelekwa pale na mchukuzi wa gati aliyeniona nimekaa juu ya mzigo wangu. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa akikuna nazi bila kuangalia mbuzi. "Marahaba," akasema. "Unatoka bara, nakusikia. Unakula nini huko, maneno hayakutoki vizuri?" Nikamwambia nala kinachopatikana. "Basi hapa utakula kinachopikwa." Akanipa chumba cha mbele, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo kama kifuniko cha chungu. Usiku ule nilikula wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, nikala mpaka nikaona haya. Yeye alinitazama tu, akanisogezea sahani. Mumewe alikuwa amekufa zamani, mtoto hakujaaliwa. Kuosha maiti wanawake na watoto wadogo ndiyo iliyokuwa kazi yake, lakini hakuwa na ujira. Alipewa sahani ya pilau siku ya hitima, mara nyingine kipande cha sabuni, na mara nyingi asante. Riziki yake ilikuwa ni kusuka mikeka na vijipesa vyangu vya kulala.

Fundi wa kushona wa siku zile hakuwa na duka. Alikaa kwenye baraza ya muuza nguo. Mteja alinunua kitambaa ndani akamkabidhi nje, na muuza nguo alipata wateja kwa sababu ya fundi kama fundi alivyopata kwa sababu yake. Mimi nilipata nafasi barazani kwa Jivan, Baniani mzee mwenye kikohozi, aliyetafuna tambuu tangu asubuhi hata jioni. Nikashona kanzu pale, na masikio yangu yalijaa neno lile nililolisikia kisimani Ugogo, ila hapa lilikuwa na uso mwingine. Punguzo la Bagamoyo lilikuwa mchezo wenye heshima. Jivan alitaja bei nene, mteja akashika kichwa. Mteja akataja bei yake, Jivan akakohoa kama anakata roho. Kulikuwa na punguzo la asubuhi, la mteja wa kwanza, maana mwenye duka aliona nuksi kumwacha wa kwanza aondoke mikono mitupu. Kulikuwa na punguzo la jirani, ambalo lazima uliombe, usipoliomba jirani anaona umemdharau. La harusi ndilo lililokuwa kubwa na lenye kelele kuliko yote. Mashangazi walikuja kundi zima, wakaingia dukani kama wanaingia ngomani, wakazikunjua leso zote wakazitupa. Namkumbuka mmoja akainyoosha leso usoni pa Jivan, akasema, "Hii umeifuma kwa nywele za nani, hata utake bei hii?"

"Mimi sikuifuma, mama," akasema Jivan. "Mimi nimeinunua, na aliyeniuzia nilimwambia maneno hayo hayo."

"Akakupunguzia?"

"Angenipunguzia ningekuwa nimenenepa."

Wakacheka wote, wakatoka, wakarudi, wakatoka tena, na mwisho kila mmoja akaamini ameshinda. Mtu asiyeomba punguzo alionekana ama mgeni ama mwenye kiburi. Hata mimi nilipoomba bei kamili ya kanzu ya kwanza nikapewa kamili, nilikwenda nyumbani na huzuni, na Bi Mwanaasha akaniambia, "Huyo hakukupenda. Angekupenda angekusumbua."

Lakini ilikuwapo nguo moja isiyoombwa punguzo, nayo ni sanda. Hili hakunieleza mtu, nililiona kwa macho. Siku moja Bi Mwanaasha alikuja dukani akasimama kizingitini, hakuingia, hakuketi, hakunisalimu hata mimi niliyemwacha asubuhi akinikorogea uji. Akasema, "Nguo nyeupe, ya mtu mzima." Jivan akatema tambuu yake, akaosha mkono kwa maji ya kopo. Akaniashiria niweke mkasi chini. Akaipima bafta kwa dhiraa, akaipasua kwa mkono, akazidisha shibiri moja, akaikunja, akataja bei mara moja kwa sauti ndogo. Bi Mwanaasha akaweka fedha juu ya mbao, akachukua nguo, akaondoka bila kwaheri. Jivan hakurudia tambuu mpaka nilipoanza kushona tena. Baadaye nilimuuliza. Akanijibu kwamba bei ile ni ile ile aliyonunulia yeye Unguja, hakuna faida hata chembe. "Yule hawezi kubishana nami," akasema. "Mtu asiyeweza kubishana, utamwongezeaje?" Na upande wa pili, familia ya marehemu haikwenda dukani. Aibu ilikuwa kwa mtu aliyefiwa kusimama mbele ya duka akaulizana bei na mwenye nguo, maiti imelala ndani. Walimpa mwosha fedha, mwosha akaenda, akarudi na nguo. Hakuna aliyemuuliza bei. Yote yalikaa juu ya imani ya watu wawili, Baniani mwenye kikohozi na mwanamke wa Dunda, na hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo kubwa.

Ndui ikaingia mjini pamoja na misafara. Ilianza kwenye mabanda ya wapagazi, kisha ikapanda mitaani. Bi Mwanaasha alikuwa amewahi kuugua utotoni, alikuwa na alama zake, kwa hiyo alikwenda kila alikoitwa, na palipokuwa na watumwa wasio na mtu wa kuwalilia alikwenda bila kuitwa, akawavika sanda kwa fedha ya mikeka yake. Nilimsikia akirudi, akimwaga maji uani, akijiosha mara nyingi. Tulikula kimya. Wakati mwingine alisema, "Leo alikuwa mtoto," nami nikajua nisiulize. Katikati ya mwaka ule kikohozi cha Jivan kikazidi, akasema anataka kufia kwao Kachi, huko Uhindini. Akauza duka na kila kilichokuwamo, akatuaga mmoja mmoja, akapanda jahazi na godoro lake.

Aliyenunua duka alikuwa Bwana Kombo. Nitasema wazi, maana watu wa kwetu hupenda kumtia mgeni lawama ya kila kitu: Kombo alikuwa mtu wa hapo hapo, aliyezaliwa mtaa wa pili, mswalihina wa safu ya mbele, mwenye kofia nilizomshonea mimi mwenyewe kwa vitobo vidogo vya hariri. Alikuwa mchangamfu. Alinipa kahawa siku ya kwanza, akaniambia baraza ni yangu kama zamani. Siku chache baadaye Bi Mwanaasha akaja kizingitini. "Nguo nyeupe, ya mtoto." Kombo hakuinuka. Akaipima bafta akiwa amekaa, akaikata kwa mkasi, akataja bei iliyonifanya nijichome kidole. Bi Mwanaasha akamtazama kidogo. Nilidhani atasema neno. Akalipa, akaondoka. Nikamuuliza Kombo, nguo imepanda? "Imepanda Unguja," akasema. Haikupanda. Leso na kaniki ziliuzwa kama kawaida, na bafta ile ile akija bibi harusi ilishuka mpaka mahali pake pa siku zote. Iliyopanda ni nguo ya yule asiyeweza kubishana. Kombo alikuwa ameliona jambo ambalo Jivan aliliona kabla yake, kwamba mtu huyu yumo mkononi mwako, ila yeye akaufumba mkono.

Usiku nilimwambia Bi Mwanaasha, "Mama, umelipa karibu mara mbili."

"Nimelipa alichotaja."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini, Athmani? Nipunguzie, maiti mwenyewe ni mdogo?" Akachukua sahani yangu akaipangusa. "Nikianza mimi, kesho kila mtu ataanza. Watapigana bei na maiti iko ndani inanuka."

Akaendelea kulipa. Fedha aliyopewa na watu ilipopungua, aliongeza yake ya mikeka. Nililiona hilo, kwa maana uji ukawa mwepesi na papa akatoweka mchuzini, tukabaki na kisamvu. Naye hakuwaambia watu kwamba anaongeza, kwa ile ile adabu, na adabu ile ndiyo iliyommaliza.

Watu walianza kunung'unika kwamba kufa kumekuwa ghali. Kombo alisikia. Asubuhi moja mpiga mbiu akapita mitaani na pembe yake, kutoka pwani mpaka Dunda, akitangaza: Bwana Kombo anawahurumia waja wa Mungu katika maradhi haya, nguo ya sanda ina punguzo, ajaye mwenyewe apewe. Nilikuwa nikitia uzi kwenye sindano. Niliusikia mji ukianza kusema wote kwa pamoja. Mchana duka likajaa. Wale waliokuwa wakiona haya kusimama kizingitini sasa waliingia hadi ndani, na kwa kuwa wameshaingia wakanunua na marashi, na udi, na kaniki za kukalia eda, wakapewa na kahawa juu yake. Bei ya sanda ilishushwa, ndiyo, ikafika mahali palipokuwa bado juu ya bei ya Jivan. Alipandisha ili apate cha kushusha. Nilikaa pale barazani nikaona watu wazima, wenye akili, wanaojua kumtoa jasho muuza leso mpaka aombe maji, wakimshukuru mtu huyu wakimshika mkono.

Wala hilo silo lililonichoma zaidi. Watu wa Bagamoyo waliishi na punguzo maisha yao yote, na walijua jambo moja kwa yakini: bei inayoshuka leo ilikuwa inaweza kushuka jana. Kwao haikuwapo bei isiyo na mwanya ndani yake. Basi kama sanda ina punguzo, siku zote ilikuwa nalo. Na kama siku zote ilikuwa nalo, nani alikuwa akilichukua? Hesabu hii waliifanya bila kalamu, kila mtu peke yake, kabla adhana ya adhuhuri haijaisha. Nilimsikia mwanamume mmoja, aliyezika mke na dada mwaka ule, akimuuliza Kombo huku amekumbatia kifurushi chake, "Sasa mwosha alikuwa akinunua kwako kwa bei gani?"

Kombo angeweza kujibu kwa neno moja. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mimi ndugu yangu," akasema, "siwezi kumsema mtu mzima."

Nikainuka. "Alilipa bei uliyotaja, Bwana Kombo. Nilikuwa hapa kila alipokuja. Hajakuomba hata mara moja."

"Fundi anakula wapi?" Kombo akawauliza watu, anacheka. "Semeni ninyi, fundi huyu jioni anakula wapi?"

"Kwa mwosha," akajibu mmoja.

"Basi. Na chakula kitamu, anasema mwenyewe."

Wakacheka. Nikasema niliyosema, na kadiri nilivyosema walizidi kunitazama kwa huruma, kama mtu anayempigania mama mkwe. Kisamvu kile nilichokuwa nikila jioni, wao walikwisha kukigeuza pilau.

Wakaacha kumwita. Mtaa ulitafuta wanawake wengine, wasiojua kazi, wakaogopa ndui wakamwaga maji kutoka mbali. Maiti zilizikwa na sabuni masikioni. Bi Mwanaasha alikaa uani chini ya kivuli cha ukuta akisuka mikeka, na wanawake waliozoea kuja kuchota maji kisimani kwake sasa walikwenda kuchota mbali. Walipopita nje ya ukuta hawakupunguza sauti. "Kumbe mikeka tu haijengi paa," alisema mmoja, maana mwaka ule Bi Mwanaasha alikuwa ameezeka makuti mapya upande wa chumba changu, kwa fedha yangu. Nilitaka kutoka nimweleze. Akanizuia kwa kuinua ukindu. "Ukimweleza la makuti, utamweleza na la chumvi." Lakini mkono wake ulikuwa umesimama, na mkeka haukuendelea siku ile. Alinieleza, bila kuniangalia, kwamba kuosha watu hakumpi kitu, anajua. Ila kunampa kupita mlango wowote wa mji huu bila kupiga hodi mara ya pili. "Mimi sina mtoto wa kunitaja. Jina langu ni hilo tu. Nalitaka."

Basi akaenda kwa diwani wa mtaa, akaomba kikao. Wazee walikaa ukumbini kwa diwani baada ya sala ya Ijumaa, nasi vijana tukajipanga ukutani. Yeye, kwa kuwa ni mwanamke, alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na sauti yake ikatoka huko. Alitaka jambo moja: Kombo aseme mbele ya watu waliopo kwamba mwosha hakupata kuomba punguzo wala hakupewa. Nami nikasimama nikashuhudia. Diwani alinisikiliza kwa adabu. Wazee wakanong'onezana muda mrefu, kahawa ikazungushwa, na nilipoona Kombo anacheka na aliye kando yake nilijua wamekwisha patana.

Diwani akasema, "Bi Mwanaasha, tumeona. Ni maradhi, watu wana majonzi, maneno mengi yamesemwa. Bwana Kombo kwa hiari yake amekubali kuiteremsha sanda mpaka bei ya Jivan. Ni jambo kubwa hilo. Nawe basi teremka kidogo, mkutane katikati, twende nyumbani na amani."

 Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kawaida kabisa, sauti ya kuniuliza kama nataka chumvi. "Mimi sikuja kwa bei ya nguo, diwani. Nimechukua au sikuchukua?"

"Hatusemi umechukua."

"Basi mwambieni aseme sikuchukua."

"Hilo litamwaibisha mwenzio mbele ya watu, mama."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtu mzima, utastahimili."

"Sitaki kukutana katikati," akasema Bi Mwanaasha. "Katikati ni kwamba nimeiba nusu."

 Mzee mmoja akasoma fatiha haraka, kama mtu anayefunika sufuria, na watu wakainuka wakishikana mikono. Mlangoni nilimsikia yule yule mfiwa wa siku ile akisema Kombo ana moyo, si wengi wangeshusha namna ile. Mji mzima ulipata punguzo lake, na lililokatwa ili lipatikane lilikuwa jina la mwanamke mmoja. Miaka yote hii nimejaribu kuwaonea huruma wazee wale, kwamba walitaka utulivu, kwamba walikuwa na makaburi mapya. Siwezi. Haki ya mtu waliitia mkononi wakaitazama kama leso, wakamwambia hii ni nyingi, twambie mwisho wako.

Siku ya pili nilikwenda kuchukua mkeka na vifaa vyangu barazani. Kombo alitoka nje, mpole, akashika bega langu. "Unakwenda wapi, fundi? Kaa. Ushuru wa baraza nitakupunguzia." Nilikuwa na kanzu yake ya Idi mapajani, imebaki ukosi. Nilimwekea kizingitini na sindano ndani yake. Nilimwambia Bi Mwanaasha nakwenda Saadani, na kutoka huko nitaona. Nikamwomba tuende wote. "Niende nikaoshe nani?" akasema. "Huko hawanijui hata kwa ubaya."

Asubuhi niliyoondoka nilikuwa nimefunga mzigo wangu, niko ukumbini nakunywa uji, hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamume kijana amebeba mtoto wake amemfunika leso, na nyuma yake shangazi wa mtoto ameshika nguo nyeupe. Wale wanawake wengine walikuwa wamekataa. Mtoto alikufa kwa ndui, ngozi imechanika. Bi Mwanaasha alinyoosha mikono akampokea mtoto kabla hawajasema. Shangazi akabaki amesimama, anatafuta pa kutazama.

"Bibi, usitukasirikie," akasema. "Tumeambiwa tuipime nguo mbele yako, na tuipime tena ukimaliza kuosha."

Nilitua bakuli. Nilimuuliza yule kijana kama haoni haya, kuja mlango huu na maneno haya. 

"Athmani," akasema Bi Mwanaasha. "Wamefiwa hawa. Nawe una safari." Akamgeukia shangazi. "Ipimeni. Kisha mniletee maji, na majani yako pale kwenye ungo."

Akaingia uani na mtoto. Shangazi akaipima nguo kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, anahesabu kwa midomo bila sauti. Nikafunga mshipi, nikainua mzigo. Kutoka nyuma ya ukuta nilisikia maji yakimiminwa polepole, na sauti ya Bi Mwanaasha ikimwambia yule mtoto kwamba sasa atageuzwa upande wa kulia, asiogope, maji yamepashwa moto. Shangazi alikuwa amefika mwisho wa nguo. Akaikunjua, akaanza kuipima upya. Nikampita, nikashika njia ya Saadani.